Misuli Isiyo na Jina

Mamangu alichuma majanichai Kericho kwa miaka mingi, na hakuwahi kwenda shambani bila leso mbili. Moja aliifunga kiunoni. Ya pili aliibeba imekunjwa. Sikujua ya pili ilikuwa ya nini hadi nilipojifungua kifungua mimba wangu, nikapiga chafya mbele ya wanafunzi na mkojo ukanitoka. Nilipomsimulia, mama alisema tu, "Ndivyo uzazi ulivyo, mwanangu."

Sivyo. Mimba huilemea misuli iliyotanda chini ya nyonga mithili ya machela, na kuzaa huinyoosha. Hiyo ndiyo inayokihimili kibofu na kuifunga njia ya mkojo. Ikilegea, aghalabu huweza kuimarishwa kwa zoezi ambalo Arnold Kegel, tabibu wa Marekani, aliliandikia makala mwaka 1948.

Mama hukaza kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, pasi na kubana pumzi wala matako. Hushikilia kwa hesabu ya tano, kisha hulegeza kwa hesabu iyo hiyo. Afanye hivyo mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Na aanze angali mjamzito. Mchumaji huweza kulifanya akiwa kwenye foleni ya mizani, karani asijue lolote. (Mkojo unaovuja mfululizo usiku na mchana baada ya uchungu wa muda mrefu ni jambo jingine: huenda ni nasuri, nayo huhitaji daktari wa upasuaji.)

Mbona basi mama hakuambiwa? Mimi ni mwalimu wa isimu, nami naona sehemu ya lawama ni yetu. Tuna tafsida tele za haja ndogo, lakini misuli hii hatukuipa jina ambalo mkunga na mzazi watalitamka bila haya. Niliposema "sakafu ya nyonga" darasani, mwanafunzi mmoja aliuliza kama ni ya saruji.

Mwezi uliopita nilimfunza mama kwa Kikipsigis, kwani hata wazee hufaidika. Nilimwambia akaze kama anavyokaza kamba ya mdomo wa gunia. Alielewa papo hapo. Kisha akauliza jambo hili limejulikana tangu lini. Nikamjibu kuwa liliandikwa kabla yeye hajazaliwa.

Alinyamaza kwa muda mrefu.