Nani kazila kilo za mjomba?

Leo mapenzi tuyaweke kando, tuongee mshiko.

Kule Nachingwea na Ruangwa, korosho na ufuta ndiyo kila kitu. Harusi, ada, bati la nyumba, vyote vinasubiri mnada. Kwa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anapima mzigo chama cha msingi, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghalani. Chama kikuu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinasimamia mnada. Pesa zinakuja baadaye benki. Kati ya mizani na benki wewe ni namba tu. Mtu akiichezea, umekwisha!

Mjomba wangu wa Ruangwa yalimkuta. Alipima kilo 312, kwenye malipo zikasomeka 213. Nikamsindikiza chamani (jina nalihifadhi). Kompyuta ikasema aliyebadilisha ni "karani". Karani yupi? Wako watatu, na wote wanaingilia neno la siri moja, limebandikwa ukutani kama kalenda! Kila mmoja akaangalia dari. Mjomba aliokolewa na karatasi ya mizani aliyoificha kwenye sanduku la kanga za shangazi. Alilipwa, lakini kama ni wizi au kidole kiliteleza, hakuna anayejua. Karani asiye na kosa naye mtaani anaitwa mwizi.

Enzi za daftari mambo yalikuwa wazi. Ukikosea hufuti, unapiga mstari, unaandika namba mpya, unatia saini. Kompyuta ni tofauti. Usipoiagiza ikumbuke, namba mpya inaimeza ya zamani kimyakimya. Programu ya maana inaandika pembeni: nani kabadilisha, saa ngapi, ilikuwa ngapi, imekuwa ngapi. Na ukurasa huo hata bosi asiweze kuugusa.

Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho, wengi walisubiri malipo wakati wa uhakiki, wakisakwa kangomba, wale wanaonunua kwa wakulima kinyemela. Ndipo watu walipojua uzito wa kumbukumbu safi.

Nanyi mnaokaa kaunta mjini, sikieni: neno la siri la kazini haliazimwi, hata kwa mchumba. Siku hesabu zikigoma, jina litakalosomeka ni lako, siyo lake.