Ua la Februari Huanza Mwaka Uliotangulia

Asubuhi ya Februari katika bustani za Uingereza, ardhi ikiwa bado ngumu kwa barafu, huonekana kiua cheupe kimelala kifudifudi kwenye nyasi kama kilichokufa. Asiyekijua angeking'oa. Saa sita mchana, jua hafifu likishakigusa, kimesimama tena.

Hicho ni Galanthus nivalis, ambacho Waingereza hukiita tone la theluji. Jina la kitaalamu alikipa mwanabotania Linnaeus mwaka 1753, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maziwa na ua. Petali tatu ndefu za nje ni nyeupe tupu. Kichwa kikiinuliwa kwa kidole, ndani hujitokeza nyingine tatu fupi, kila moja na alama ya kijani. Kwa kuinama hivyo, kiua hukinga chavua isilowe. Nacho hakina haraka: hufunguka vizuri joto likifika nyuzi 10 hivi, kiwango ambacho nyuki nao huanza kutoka.

Wengi hudhani maua haya huumbwa na jua la kwanza la majira ya kuchipua. Sivyo. Chini ya udongo kuna tunguu, ndugu wa kitunguu cha jikoni kwa ukoo na kwa umbo, ingawa hili lina sumu. Chipukizi la ua huumbwa humo miezi mingi kabla, kisha husubiri baridi ipite. Tulipu na dafodili, maua mengine ya tunguu, huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 za baridi ndipo mashina yarefuke. Kwa hiyo anayepanda tunguu la tulipu moja kwa moja kwenye udongo wa Dar es Salaam huishia kuona majani, kisha tunguu linaoza.

Katika ukoo huohuo wa tone la theluji ndimo ilimopatikana galantamini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa wa Alzheimer. Wapenzi wa maua nao wana wazimu wao: mwaka 2022 tunguu moja la tone la theluji la aina ya 'Golden Tears' liliuzwa mnadani kwa pauni 1,850. Tunguu moja!

Afrika Mashariki nayo ina jamaa wa tone la theluji, ua la Scadoxus multiflorus, lenye kichwa chekundu cha mviringo kama mpira, kilichosukwa kwa viua vingi vyembamba. Hilo halisubiri baridi, husubiri mvua. Wiki moja bustani ni vumbi, wiki inayofuata shina limechomoza, mara nyingi hata kabla ya majani kukunjuka.

Kosa la wakulima wa bustani ni lilelile huku na kule: ua likinyauka, hufyeka majani kwa sababu yanaonekana ovyo. Majani hayo ndiyo yanayolijazia tunguu akiba ya ua la mwakani. Mwenye bustani, awe London au Arusha, ayaache mpaka yawe manjano na kuanguka yenyewe.