Cheti Kinasema Fosforasi Iko Juu. Maana Yake Nini?

Tuseme umetumwa hospitali kuchukua majibu ya damu ya mama. Njiani unachungulia cheti (nani asiyechungulia?) na kukuta namba tele. Mstari mmoja una mshale unaoelekea juu: fosforasi, 6.8. Moyo unaanza kwenda mbio. Fosforasi? Si ile ya kwenye kiberiti? Imeingiaje kwenye damu ya mama?

Tulia kidogo. Namba hiyo ina habari muhimu, ila lazima ujue kuisoma.

Fosforasi ni kitu gani?

Kwenye Kemia unaijua kwa alama ya P, namba 15. Ni kweli, ubavuni mwa kiberiti ipo. Lakini ndani ya mwili haikai peke yake. Inakuwa imeungana na oksijeni, na ikiwa hivyo haiwaki wala haiunguzi. Mtu mzima anabeba karibu gramu 700 mwilini, na kama asilimia 85 ya hiyo iko kwenye mifupa na meno. Iliyobaki inasaidia seli kupata nguvu za kufanya kazi. Ile inayozunguka kwenye damu ni kidogo mno, na ndiyo maabara wanayoipima.

Tunaipata kwenye chakula: maziwa, mayai, nyama, samaki, dagaa, maharage, karanga. Mwili unachukua inayohitajika, halafu figo zinatoa ya ziada kwa njia ya mkojo. Mwaka 1669, huko Hamburg, Ujerumani, mtu mmoja aitwaye Hennig Brand alichemsha mikojo mingi sana akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, akapata kitu kinachong'aa gizani. Ndiyo fosforasi hiyo!

Namba ngapi ni sawa?

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni kati ya 2.5 na 4.5, kikipimwa kwa miligramu kwa desilita. Maabara nyingine hutumia milimoli kwa lita, na hapo kawaida ni kama 0.8 hadi 1.45. Kwa hiyo kabla ya kushtuka, angalia kipimo kilichotumika na viwango vilivyoandikwa pembeni.

Na wewe je? Wewe bado unakua. Mifupa yako inajengwa, hivyo damu yako ina fosforasi nyingi kuliko ya mtu mzima. Kijana wa miaka 13 anaweza kuwa na 5 akawa mzima kabisa. Cheti chake kikilinganishwa na viwango vya watu wazima, kitaonyesha mshale wa juu bure. Usije ukaacha kunywa maziwa kwa sababu ya mshale huo! Muulize daktari: "Hiki ni kiwango cha umri wangu?"

Jambo jingine: damu ikicheleweshwa sana kabla ya kupimwa, au chembe zake zikipasuka wakati wa kutolewa, fosforasi iliyokuwa ndani ya chembe humwagika na namba inapanda. Ndiyo maana wakati mwingine daktari anasema kipimo kirudiwe. Sio kwamba anataka kuwalia pesa.

Kama kweli iko juu?

Kwa mtu mzima, sababu inayoongoza ni figo kushindwa kazi. Figo zikichoka, ya ziada haitoki, inarundikana. Kwa hiyo daktari ataangalia pia kreatinini, kalsiamu na mkojo. Zipo sababu nyingine, kama vile tezi ndogo za parathiroidi zilizoko shingoni kufanya kazi chini ya kiwango, vitamini D kuzidi, au misuli kuumia vibaya sana.

Hatari yake ni kwamba mara nyingi mtu hasikii chochote. Anaamka, anakwenda shambani au sokoni kama kawaida. Lakini ndani mambo yanaharibika. Fosforasi nyingi inaungana na kalsiamu, na kalsiamu ya kwenye damu inapungua. Zile tezi za shingoni zinaona upungufu na kuagiza kalsiamu itolewe kwenye mifupa. Mifupa inadhoofika. Huku nyuma, fosforasi na kalsiamu vinaganda kwenye kuta za mishipa ya damu na kuifanya migumu, na moyo unapata shida. Baadaye mgonjwa anaweza kuwashwa mwili mzima, kukaza misuli au kusikia ganzi vidoleni. Watu wanasema eti ni mzio, wengine eti amelogwa. Wakati ule wa kubishana ndio figo zinapotea.

Utamsaidiaje mgonjwa nyumbani?

Hapa wewe una kazi kubwa, hasa kama ndiye unayekwenda dukani na kupika.

1. Punguza vyakula vya viwandani. Fosforasi inayoongezwa kiwandani mwili unainyonya karibu yote, lakini ya kwenye maharage sehemu kubwa hupita tu. Soda nyeusi za kola, soseji na jibini la kusindikwa ni za kuangalia sana. Soma karatasi ya nje: neno lolote lenye herufi "phos" ndani yake linakuambia imo.

2. Nyama ichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Sehemu ya fosforasi inaondoka nayo.

3. Usimnyime mgonjwa chakula kwa kubahatisha. Akikosa protini kabisa ataisha nguvu. Kiasi gani cha nyama, maziwa au maharage, aseme daktari au mtaalamu wa lishe.

4. Kama amepewa vidonge vya kunasa fosforasi, avimeze pamoja na chakula. Kazi yake ni kuikamata ikiwa bado tumboni. Akivimeza saa mbili baada ya kula, amechelewa, fosforasi imeshapita.

5. Kama anasafishwa damu kwa mashine, asikose siku yake. Mashine inatoa fosforasi, lakini haiwezi kutoa yote, ndiyo maana chakula na vidonge bado ni lazima.

Na figo zako?

Kisukari na presha ndivyo vinavyoharibu figo za watu wengi, kwa hiyo wahimize wakubwa wa nyumbani wakapime. Wewe mwenyewe usizoee kumeza vidonge vya maumivu kila siku bila kuandikiwa. Dawa kama diklofenaki zikitumiwa ovyo zinaumiza figo. Ukiona uso au miguu inavimba, au mkojo una damu au povu lisiloisha, usione haya. Nenda kituo cha afya.

Basi, turudi kwenye cheti cha mama. Kipeleke kwa daktari leo, usikifiche kwenye daftari ukimwonea mama huruma. Mkiwa pale, ulizeni mambo matatu: Je, kipimo kirudiwe? Figo zinafanya kazi kwa kiasi gani? Nyumbani tubadilishe nini kwenye chakula? Chukua kalamu, andika majibu. Mama akisahau, wewe utamkumbusha.