Ndege Hii Tuiiteje?

Likizo iliyopita nilikwenda Awasi kumwamkia dada yangu, nikamkuta mpwa wangu barazani amezungukwa na nyembe, msasa, gundi na makopo ya rangi. Alikuwa akiunda mfano wa Short Calcutta, ndege ya kale iliyokuwa ikitua majini pale Kisumu, autie katika maonyesho ya sayansi ya shule yake. Karatasi ya maelezo alikuwa ameiandika kwa Kiswahili. Mwalimu mmoja alipiga mstari mwekundu chini ya maneno "ndege ya mabawa mawili", akauliza pembeni: "Ipi isiyo na mabawa mawili?" Kisha akaamuru maelezo yote yaandikwe upya kwa Kiingereza.

Swali la mwalimu yule lilikuwa halali. Ndege zote tunazoziona zikishuka Kisumu leo zina bawa la kulia na la kushoto. Calcutta ilikuwa na bawa moja juu na jingine chini, yakishikanishwa kwa nguzo na waya, na injini tatu zikiwa zimesimama katikati yake. Ukihesabu kwa pande, utapata mabawa manne. Lakini dawa aliyoitoa sikuweza kuinyamazia.

Ndege hii si hadithi ya kigeni kwa watu wa Nyanza. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1928, ikichukua abiria 15. Mnamo Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London hadi Mwanza, ni Calcutta zilizotumika kati ya Khartoum na ziwa letu. Mwaka uliofuata njia ilifikishwa Cape Town, na Kisumu pakawa mahali pa kuiacha ndege ya majini na kupanda ya nchi kavu. Kijana wa Awasi anayeiunda anaunda kipande cha historia ya kwao.

Nilikaa naye siku tatu. Alikuwa amepunguza vipimo mara 72, hivi kwamba mabawa ya mita 28 yakawa sentimita 39. Tumbo, ambalo kwa hakika ni mashua, alilichonga kwa ule mti mwepesi wa kando ya ziwa ambao wavuvi huufanya vielea. Mabawa ni ya kadibodi. Nilidhani atayagandisha yote kisha apake rangi, la hasha! Alipaka kila kipande peke yake, rangi ya fedha, matabaka mawili mepesi, akisugua kwa msasa baina yake, kwa kuwa bawa la juu likishafungwa brashi haipenyi tena. Nguzo alizisimamisha kwa kipimo cha kadibodi ili bawa lisiende upande. Mwisho kabisa alitia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki mahali pa waya.

Kazini hakukwama kwa maneno hata mara moja. Alisema nguzo, mkia, usukani. Mimi nilimwongezea rafadha, na mataruma kwa zile mbavu za ndani ya bawa. Neno hili la pili lina safari ndefu: ni mbavu za jahazi, na reli ilipokuja, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, waliofanya kazi hawakungoja kamati, vile vipande vinavyolazwa chini ya vyuma navyo vikaitwa mataruma. Neno "ndege" lenyewe halikufanyiwa mkutano. Tulilitoa kwa kiumbe tukaipa mashine, na sarufi ikajua kuvitenga: ndege amepaa, ndege imepaa. Wajaluo nao wakaliazima kwa mashine tu, kiumbe akabaki kuwa winyo. Sisi wasomi tumezoea kulifungua kamusi la Kiingereza kwanza, halafu tukalalamika kwamba Kiswahili hakitoshi. Nami nilianguka mtegoni humo humo, nikampendekezea "ndege ya mabawa pachapacha". Alinitazama kwa heshima, kama mtu anayemstahi mgonjwa.

"Mjomba," akasema, "mimi naiita ndege ya ghorofa."

Nililikubali papo hapo. Ghorofa ni bawa juu ya bawa, na nguzo katikati. Mtu aliyezisimamisha nguzo hizo kwa mikono yake ndiye mwenye haki ya kulitamka. Tuliandika karatasi upya, kwa Kiswahili, neno hilo likiwa kichwani pake, na maelezo ya mstari mmoja chini yake kwa ajili ya yule mwalimu.

Jioni bibi wa jirani alipita, akaiona ndege dirishani ikikaushwa mbali na kuku. Mpwa wangu akamsomea karatasi kwa fahari. Bibi akaiinamia, akaichungulia kwa muda.

"Na hao wa ghorofa ya juu," akauliza, "walikuwa wakipandia wapi?"

Kijana akanigeukia mimi.