Nakshi, Nyundo na Ngoma: Istilahi ya "Sanaa za Mapambo" na Vyombo vya Kifalme vya Ngara, Biharamulo na Jirani Zake

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa sanaa hutumia istilahi "sanaa za mapambo" kujumuisha kazi za vito, mbao, nguo na madini zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya wafalme. Makala haya yanakusudia kuipima istilahi hiyo kwa kulinganisha sanaa za ikulu ya Uajemi chini ya nasaba ya Qajar na vyombo vya kifalme vya eneo ambalo leo ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, pamoja na falme jirani za Karagwe, Rwanda na Gisaka. Hoja yetu ni kwamba pambo, kama Kiswahili kinavyolielewa, ni kitu kinachoongezwa juu ya kitu kilichokwisha kamilika. Vyombo vingi vya falme hizi havikuongezwa juu ya ufalme. Bila vyombo hivyo, ufalme wenyewe haukuwapo.

2.0 Sura ya Mfalme katika Uajemi

Nasaba ya Qajar ilitawala Uajemi hadi mwaka 1925. Chini ya Fath-Ali Shah (1797–1834) ilistawi picha kubwa ya rangi za mafuta, yenye kimo cha mtu. Humo mfalme huonekana na ndevu ndefu nyeusi, kiuno chembamba, na vito vingi kuanzia taji hadi mkanda wa upanga. Baadhi ya picha hizo zilipelekwa kwa watawala wa kigeni, ili sura ya mfalme ifike mahali ambapo mwenyewe hakufika. Wachoraji wake, kama vile Mihr Ali, walitia saini kazi zao, na kwa hiyo majina yao tunayo hadi leo.

Sanaa hii inakubaliana vyema na neno letu nakshi, lenye asili ya Kiarabu, ambalo Waajemi nao walilichukua na kuunda kutokana nalo neno lao la uchoraji. Kutia nakshi ni kuongeza uzuri juu ya mlango, chombo au ukuta ambao ungeweza kuwapo bila uzuri huo. Vivyo hivyo, vito vya Fath-Ali Shah vilimtangaza mfalme ambaye tayari alikuwa mfalme.

3.0 Chuma katika Falme za Wahinda

Karagwe, Uzinza na Rusubi zilitawaliwa na watawala wa ukoo wa Wahinda. Rusubi, iliyokuwa katika eneo la Biharamulo, ndiyo ambayo wasafiri wa Ulaya waliiita Usui. Haipasi kuichanganya na Bushubi, iliyo katika Ngara. John Hanning Speke alipita Rusubi mwaka 1861, wakati wa mtawala aliyemwita Suwarora, kabla ya kufika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka huohuo.

Hazina iliyoelezwa kwa kina zaidi ni hiyo ya Karagwe. Henry Morton Stanley aliiona mwaka 1876, akataja sanamu za bata na ng'ombe za shaba, na mikuki iliyofuliwa kwa ustadi mkubwa. Karagwe inajulikana pia kwa ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu na kwa fuawe za kifalme. Masimulizi ya Karagwe huvihusisha vyuma hivi na Ndagara, baba yake Rumanyika, anayekumbukwa kama mfalme aliyekuwa mhunzi.

Tukiviita vyuma hivi mapambo, hatutaweza kueleza kwa nini fuawe iwemo katika hazina ya mfalme. Fuawe haipendezi kwa kung'aa. Jibu liko katika kazi yake. Mhunzi huugeuza udongo kuwa jembe, na jembe hulisha nchi. Mfalme naye alitarajiwa kuifanya nchi izae. Mfalme aliyemiliki fuawe alidai uwezo huo wa kugeuza. Ushahidi wa Rwanda unaunga mkono tafsiri hii: kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, kichwa chake kilikutwa kimelazwa juu ya nyundo mbili za mhunzi.

Uajemi nayo ina mhunzi wake. Katika Shahnameh ya Ferdowsi, mhunzi Kaveh anaigeuza ngozi yake ya kazi kuwa bendera ya kumpinga mfalme dhalimu, na baadaye wafalme wanaipamba bendera hiyo kwa vito. Tofauti iliyopo ni muhimu. Huko, ngozi ya mhunzi iliingia ikulu kwa kufunikwa na vito. Katika falme za Maziwa Makuu, nyundo iliingia ikiwa nyundo, na heshima yake ilitokana na kuendelea kuonekana kuwa chombo cha kazi.

Ufundi wenyewe haukuwa wa ikulu peke yake. Katika Uzinza, pamoja na sehemu za Biharamulo, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha mtapo katika matanuri yao, na majembe ya Uzinza yaliuzwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Mikono iliyofua majembe ya mkulima na ile iliyofua vyuma vya enzi ilitoka katika utamaduni mmoja wa uhunzi. Hata hivyo, wakati Mihr Ali anajulikana kwa saini yake, masimulizi ya Karagwe yamehifadhi jina la mfalme na kuyaacha majina ya wahunzi.

4.0 Ngoma na Migongo

Ngara inatupatia mfano wa pili. Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwa sehemu ya Urundi hadi ilipowekwa chini ya Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika Kirundi, lugha iliyo karibu sana na Kihangaza, neno ingoma lina maana ya chombo kinachopigwa na pia maana ya ufalme wenyewe. Mfasiri anayeandika "ngoma" tu katika Kiswahili hupoteza nusu ya maana. Karyenda, ngoma kuu ya wafalme wa Burundi, haikuwa alama ya utawala tu. Lugha yenyewe inaitambua kuwa ni utawala.

Lakini haifai kudai kwamba falme hizi hazikuwa na mapambo. Ng'ambo ya mto Kagera, mkabala na Ngara, ndiko ilikokuwa Gisaka. Masimulizi yanasema kwamba Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, alizipamba kuta za ndani za nyumba yake kwa michoro ya pembe na mistari iliyoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe, kisha ikatiwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Michoro hiyo huitwa imigongo, neno ambalo msomaji wa Kiswahili analitambua mara moja. Hapa nakshi ni istilahi sahihi: ukuta ulikuwa ukuta kabla ya kuchorwa.

5.0 Hitimisho

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza mgawanyo wa istilahi: nakshi kwa kazi iliyoongezwa juu ya kitu, kama imigongo, na vyombo vya enzi kwa vitu vilivyobeba mamlaka, kama fuawe na ngoma. Suala hili si la maneno matupu. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963, na tangu hapo vitu vingi vya aina hii vimebaki bila ibada zilizovipa maana. Fuawe ikiandikiwa "pambo la kifalme" katika jumba la makumbusho, kijana wa Biharamulo ataiona kama kitu cha anasa, wala hatajua kwamba inahusu jembe la babu yake. Kwa hiyo, watafiti wa Kiswahili hawana budi kukusanya kwanza msamiati wa uhunzi na wa enzi katika Kihangaza, Kishubi na Kizinza, kutoka kwa wazee wanaoukumbuka, kabla ya kuutafutia tafsiri.