Unataka kuwa nesi? Pima mzigo kabla ya kuubeba

[Muziki wa kufungua, kisha ushuke taratibu]

MTANGAZAJI: Wasikilizaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei, nawe unayesoma karatasi hii kwa sababu hukutusikia hewani: Leo nazungumza nawe uliyemaliza kidato cha nne, na nawe mzazi unayesema, "Mwanangu lazima awe nesi." Faida za uuguzi unazijua. Leo tuangalie ugumu wake.

Kwanza, njia ni ndefu. Stashahada ya uuguzi hapa Kenya ni miaka 3, na vyuo huanza na wastani wa C katika KCSE, wakiangalia sana Biolojia na lugha. Baada ya chuo kuna mtihani wa Baraza la Wauguzi, kisha leseni. Sisi wakimbizi tunaongeza mengine: karo, ruhusa ya kutoka kambini kwenda chuoni, na kibali cha kazi baadaye. Ukianza bila kujua hayo, unaweza kukwama katikati.

Pili, mwili. Nesi husimama zamu nzima, huinua wagonjwa, hukesha usiku na kulala mchana ndani ya nyumba ya mabati, na joto la Turkana unalijua. Kuna pia hatari ya sindano kukuchoma. Ikitokea, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa papo hapo, na uanze dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72 kupita. Dawa hizo humezwa siku 28. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Ichome mapema, usingoje ajali.

[Muziki mfupi]

Tatu, moyo. Dada yangu ni msaidizi wa wauguzi. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, akakaa mlangoni na viatu vyake, hakugusa chai. Mtoto aliyempokea jioni alikuwa amefariki alfajiri. Saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo alirudi kazini. Niliwahi kudhani nesi huzoea. Dada aliniambia, "Huzoei. Unajifunza tu kuendelea."

Nne, majirani. Mjini nesi akivua sare anapotea kwenye umati. Kambini kila mtu anajua mlango wako. Watagonga usiku. Dawa ikikosekana kliniki, utalaumiwa wewe kwenye foleni ya maji. Na utajua majibu ya vipimo vya mtu mnayesali naye, wala hutaruhusiwa kumwambia hata mama yako. Kama kunyamaza kunakushinda, fikiri tena.

Tano, mfuko. Mkimbizi anayefanya kazi kliniki za kambini kwa kawaida hupewa posho ya motisha, si mshahara kamili, hata akikaa wadi moja na mwenzake mwenye mshahara. Na raia nao hawana raha. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma Kenya waligoma karibu miezi 5 wakidai nyongeza waliyoahidiwa. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka huko wauguzi wa Kenya waliokosa ajira. Kwa hiyo cheti si ahadi ya kazi.

Je, nakukataza? La. Dada yangu hajaacha, na nikimuuliza anataja akina mama waliojifungua salama mikononi mwake. Ninachosema ni hiki: jipime. Omba kujitolea kama mhamasishaji wa afya wa jamii kwa miezi michache. Keti na nesi aliyetoka zamu, umuulize siku yake mbaya ilikuwaje. Kisha jiulize: naweza kuona damu, matapishi na kilio, halafu kesho nirudi? Nani atanilipia karo mpaka mwisho? Na ni mimi ninayetaka, au ni baba?

Mzazi, swali la mwisho ni lako pia. Mtoto aliyesukumwa kwenye wadi atawahudumia watu kwa uso uliokunjwa, nao watu hao ni sisi.

Ukijibu yote hayo na bado moyo unasema ndiyo, basi nenda, kambi inakuhitaji. Wiki ijayo tutazungumzia ufundi wa umeme wa jua. Kwaherini.

[Muziki wa kufunga]