Waingereza na Wageni Waliowateka (Sehemu ya Tatu): Ushindi Unavyokumbukwa

Nchi ya Uingereza ilitekwa na wageni zaidi ya mara moja kabla haijawa dola ya kuteka nchi za wengine. Warumi waliingia na majeshi ya Kaisari Klaudio mwaka 43 BK, wakatawala hadi karibu mwaka 410. Wakafuata Waangli na Wasaksoni kutoka pwani za Ujerumani na Denmark za leo, kisha Waviking, walioivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, na mwisho Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa mwaka 1066. Mataifa mengi hukumbuka kutekwa kwao kwa uchungu. Waingereza wamefuata njia nyingine: karibu kila aliyewateka wamemwingiza katika nasaba ya taifa, akahesabiwa miongoni mwa mababu.

Warumi na Malkia Boudica

Warumi husifiwa kwa barabara, miji, mabafu ya Bath na ukuta wa Kaisari Hadriani, ulioanza kujengwa mwaka 122 na kukatiza kaskazini mwa nchi kutoka pwani hadi pwani. Aliyewapinga husifiwa pia. Boudica alikuwa malkia wa kabila la Waiceni, mashariki mwa nchi. Mumewe alipofariki, Warumi walipora ufalme, wakamchapa mjane viboko na kuwanajisi binti zake. Mwaka 60 au 61 aliongoza uasi uliochoma Colchester, London na St Albans kabla ya kushindwa. Mpaka leo wachimbuaji wa mambo ya kale hulikuta, chini ya mitaa ya London, tabaka la udongo mwekundu ulioungua katika moto huo.

Mwaka 1902 sanamu ya Boudica, akiwa juu ya gari la vita pamoja na binti zake, ilisimamishwa kando ya daraja la Westminster, karibu na Bunge, katika mji uleule aliouteketeza. Maandishi yaliyochongwa hapo yanawatukuza wazao wake kwa kutawala nchi ambazo Roma haikuzifikia. Hivyo mwanamke aliyeuasi utawala wa kigeni akafanywa nembo ya himaya ya Waingereza, miaka saba baada ya himaya hiyo kujitangazia mamlaka juu ya nchi ambayo leo ni Kenya. Wasomi na watawala wengi wa zama hizo, waliofundishwa Kilatini tangu utotoni, walijifananisha na Warumi. Ikiwa Britania ilistaarabika kwa kutekwa, walidai, basi na wengine watastaarabika vivyo hivyo. Kumbukumbu ya kushindwa ikageuzwa kuwa hati ya kuwashinda wengine.

Wavamizi waliogeuka wenyeji

Kwa Waangli na Wasaksoni, Mwingereza husimama upande wa mvamizi. Ujio wao, uliosimuliwa na mtawa Bede katika historia aliyoikamilisha mwaka 731, huitwa kuzaliwa kwa taifa. Kwa watu wa Wales, ambao ni wazao wa Wabritoni, wenyeji wa kale, tukio hilohilo ni kupoteza ardhi. Hata Mfalme Arthur, ambaye katika hadithi za awali ni Mbritoni aliyepigana na Wasaksoni, amechukuliwa na Waingereza kuwa shujaa wao.

Kwa upande wa Waviking, anayeenziwa zaidi ni mpinzani wao, Mfalme Alfred, aliyewashinda huko Edington mwaka 878 kisha akamsimamia kiongozi wao, Guthrum, katika ubatizo wake. Lakini Knut wa Denmark, aliyeitawala Uingereza yote kuanzia mwaka 1016 hadi 1035, naye amepewa heshima ya mfalme halali. Mji wa York, uliowahi kuwa makao ya Waviking, sasa unajivunia masalia yao.

Mwaka 1066

Ushindi wa Wanormani ndio uliojeruhi nchi kuliko mwingine wowote. Tarehe 14 Oktoba 1066 Mfalme Harold aliuawa katika vita vya Hastings, na siku ya Krismasi William, kiongozi wa Wanormani, akavikwa taji. Katika majira ya baridi ya 1069 na 1070 majeshi yake yaliteketeza vijiji vya kaskazini, watu wakafa kwa njaa. Sensa ya ardhi ya mwaka 1086 inaonyesha kwamba karibu mashamba yote makubwa yalikuwa yamehamia mikononi mwa wageni.

Uchungu wa tukio hilo ulidumu kwa karne nyingi. Mwaka 1649 Gerrard Winstanley, mtetezi wa maskini wasio na ardhi, alidai kwamba mamlaka ya wafalme na ya wenye mashamba yalitokana na upanga wa William, kwa hiyo ardhi irudishwe kwa makabwela. Leo madai hayo yamebaki vitabuni, na alama ya mshindi imekuwa ya kawaida kabisa. Mfalme aliyetawala kuanzia 1272 huitwa Edward wa Kwanza, ingawa kabla ya 1066 walikuwapo wafalme watatu wenye jina hilo. Hesabu inaanza upya kwa William.

Uvamizi usiohesabiwa

Waingereza husema nchi yao haijatekwa tangu 1066. Hata hivyo, tarehe 5 Novemba 1688 William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, alishuka Torbay na mamia ya meli na maelfu ya askari, na walinzi wa Kiholanzi wakashika majumba ya kifalme London. Kwa kuwa wakubwa wa nchi walikuwa wamemwalika na Bunge likamkubali, tukio hilo likaitwa mapinduzi matukufu.

Sababu za utulivu

Utulivu wa Waingereza katika kukumbuka kutekwa kwao haukuletwa na wema wa wavamizi. Baada ya Normandy kupotea mwaka 1204, wakubwa wa Kinormani walilazimika kuifanya Uingereza kwao. Kiingereza kilirudi mahakamani badala ya Kifaransa kwa sheria ya 1362, na wazao wa mshindi na wa mshindwa wakachanganyika hata wasitambulikane. Lakini huko Ireland, ambako Waingereza wenyewe walikuwa washindi, ardhi, dini na lugha viliendelea kuwagawa watu kwa karne nyingi, na kumbukumbu ya kutekwa huko ingali chungu. Kwa hiyo jeraha la kutekwa hupona pale tu mpaka kati ya mshindi na mshindwa unapofutika katika ardhi, sheria na lugha. Pale ambapo mpaka huo ungalipo, hakuna haki ya kumtaka aliyeshindwa asahau.